Pantoni Yenye Paa

Chini ya mchirizi wa paa letu hapa Makandana, Tukuyu, yapo mapipa mawili ya plastiki, ya bluu, tunayokingia maji ya mvua. Mgeni hawezi kuyatofautisha na mapipa mengine ya mtaani. Ila ukiinama utaona pembeni pamesuguliwa na kamba mpaka rangi ikafifia. Mapipa hayo yalikuwa ya chombo cha majini, na kila mvua inapoanza kuyajaza huwa nakumbuka mwaka tulioyapata.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Vitu ambavyo zamani mtu alivitafuta kwa kibali, akavipata kwa kujuana, vilianza kumwagwa chini sokoni Tukuyu: betri, sabuni za rangi, vitabu vya mitumba vilivyokuja pamoja na nguo. Mapipa yaliyoleta mafuta ya kula yalibaki matupu, na watu wakayatafutia kazi. Mimi nilikuwa fundi wa redio. Shule niliishia darasa la saba; mengine nilijifunza katika vitabu hivyo vya mitumba, kimojawapo cha fizikia ambacho panya walikuwa wamekula kurasa za mwisho. Humo ndimo nilimosoma kwa nini chombo huelea, nikarudia sura ile mpaka nikaielewa.

Baba yangu alikuwa akiishi nasi. Baada ya mama kufariki tulimjengea chumba chake mwisho wa kiwanja. Jicho lake moja lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa likifuata. Jioni moja, nikiwa nimekaa naye mlangoni kwake, akaniambia:

"Mwanangu, ziwa la Kisiba nimelizunguka tangu ujana. Ng'ombe wangu wamekunywa maji yale. Lakini katikati yake sijafika. Ningependa kufika kabla jicho hili nalo halijafunga."

Nikamwambia tutakwenda. Akaongeza, "Lakini twende wote. Huyo anayenipikia asibaki nyumbani anasugua vyungu."

Huyo anayempikia alikuwa mke wangu. Baba hakuwahi kumtaja jina, wala mke wangu hakuwahi kutaja la baba. Kwetu Wanyakyusa mke humkwepa baba mkwe wake: haonani naye uso kwa uso, hasemi naye, haingii nyumba aliyomo. Siku hizo walikuwapo majirani waliokuwa wameanza kulegeza, hasa watu wa mjini, lakini mke wangu alilishika jambo hilo kama alivyofundishwa. Baba akitoka kuota jua, yeye alipita nyuma ya jiko. Chakula alikipika yeye, watoto wakakipeleka. Waliishi kiwanja kimoja kwa namna hiyo miaka mingi, na sikumbuki siku waliyokosana.

Nilianza kutafuta chombo. Mitumbwi ya Kisiba ilikuwa myembamba, haifai kwa mzee asiyeona vizuri. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, karibu na stendi, alikuwa na pantoni za aina mbili uani kwake. Ya kwanza ilikuwa kubwa, imekaa juu ya mapipa ya chuma, ina mabenchi, ina vizuizi vya bomba pembeni, na juu ina paa la bati. Mfanyabiashara mmoja aliiagiza akitaka kutembeza watalii, kisha akahamia biashara ya mbao. Za aina ya pili zilikuwa mbili ndogo, mbao zimefungwa juu ya mapipa ya plastiki, hazina benchi wala kitu cha kushika.

"Kaka, usihangaike na hizo baiskeli," fundi alisema, akizipiga teke zile ndogo. "Chukua hili basi. Hii siyo pantoni, hii ni sebule. Unaweka mzee, mama, watoto, redio inaimba. Mvua ikija mnaitazama tu."

"Mabati haya hayataifanya iyumbe?"

"Iyumbe? Mimi mwenyewe nimelala humu mchana, nikaota niko nyumbani."

Niliikagua kwa siku kadhaa. Nilipima upana, nikagonga kila pipa kusikiliza kama lina tundu, nikahesabu uzito wetu wote na nafasi iliyobaki. Kwa kila kipimo ile kubwa ilishinda. Kwetu Rungwe mvua haina adabu, hata kiangazi hunyesha, kwa hiyo paa nililipa alama nyingi zaidi. Nikamwambia fundi aniwekee ile kubwa.

Usiku huo, wakati wa chakula, nikamweleza mke wangu. Alisikiliza huku akimenyea watoto ndizi za kuchemsha. Nilipofika kwenye paa akaacha kumenya.

"Ina paa?"

"La bati. Jipya."

"Na sote tunakaa chini yake?"

"Sote."

"Baba watoto," alisema taratibu, "kitu chenye sakafu, mabenchi na bati juu unakiitaje?"

Fundi alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, sebule, na mimi nikacheka nikaendelea kupima mapipa.

"Nitaweka turubai katikati," nikasema.

"Nyumba ina vyumba na bado ni nyumba moja."

"Kanisani je? Mnaingia wote."

"Kanisa ni nyumba ya Mungu. Hiyo ni ya fundi wa stendi."

Watoto wakacheka. Nikasema basi tung'oe paa. Akaniuliza kama sakafu nayo nitaing'oa, na chombo kikiyumba ghafla akamwangukia mkwe wake mapajani, atakimbilia wapi, majini? Hapo hata mimi nilicheka. Lakini alipomaliza kucheka alisema, "Mpeleke baba. Mimi nimezaliwa pale Kisiba, ziwa nimelishiba. Yeye ndiye macho yake yanakwisha."

Asubuhi nikaenda kwa baba kumweleza maneno hayo. Nilidhani atasema kwamba haoni vizuri, kwa hiyo mambo hayo hayana uzito tena. Hakusema hivyo.

"Kweli sioni," alisema. "Lakini yeye ataniona. Utamtesa bure siku nzima." Akapapasa fimbo yake. "Mpeleke yeye na watoto. Kwao ni kule, akasalimie ndugu zake. Mimi nitakaa ukingoni niwasikie."

Nikarudi uani kwa fundi nikiwa na safari ambayo kila mmoja alikuwa amempa mwenzake. Kama baba asingekwenda mwaka ule, mwaka uliofuata asingekuwa na jicho la kuonea. Na bila mke wangu asingekwenda, nilimfahamu. Nilikuwa nimepima kila kitu cha chombo kile, isipokuwa watu wenyewe.

Fundi aliponiona narudi kuulizia zile ndogo alidhani namtania.

"Kaka, unashuka kwenye basi unapanda baiskeli?"

"Nataka baiskeli mbili."

"Zote mbili? Familia moja?"

"Familia moja."

Alinitazama, kisha akacheka kwa kuelewa. Naye alikuwa wa huku huku. "Ndaga," alisema, neno letu la shukrani na la pole kwa pamoja. "Mke wangu naye angekataa."

Nilizijaribu kwanza kwa magunia ya mchanga. Niliongeza vizuizi vya mianzi, nikazifunga moja nyuma ya nyingine kwa kamba ndefu ya katani. Ya mbele ningekaa mimi na baba, akitazama mbele. Ya nyuma angekaa mke wangu na watoto wakubwa, akipiga kasia mwenyewe, kazi aliyoijua tangu utoto. Kwa mpangilio huo baba asingemwona kabisa, na yeye angeona mgongo wa baba tu. Binti yetu mdogo tulimweka na sisi, nyuma ya babu yake, ili apitishe maneno baina ya pande mbili.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Maji ya Kisiba yalikuwa yametulia, na kingo za msitu zimeyazunguka kama ukuta. Tulipofika mbali kidogo baba akainua uso.

"Mwulize mama yako, kile cheupe kule juu ni ukungu?"

Mahali pale sauti inasafiri juu ya maji bila kupungua. Mke wangu alikwisha kusikia. Hata hivyo mtoto akageuka akapaza sauti, "Mama! Babu anauliza kile cheupe ni ukungu?"

"Mwambie babu ni nguo zimeanikwa. Pale ndipo kwetu."

"Babu! Ni nguo!"

"Nimepakumbuka," baba alisema. "Nilipanda pale na ng'ombe wa mahari. Mmoja alikataa kilima. Mwulize kama ule mti wa mlangoni bado upo."

Mti ulikuwapo. Ndugu yake alikuwapo. Njia ya zamani ilikuwa imeota migomba. Kila kitu ambacho jicho la baba halikukifikia, mke wangu alikitaja, na mtoto akakirudia neno kwa neno, mpaka sauti yake ikaanza kuwa nzito. Kisha akaegemea mgongo wa babu yake, akalala. Baba alirudisha mkono nyuma akamshika asiteleze.

Tukaendelea kupiga kasia. Tulikuwa katikati ya ziwa.

"Mwulize mama yako," baba alisema, bila kugeuka, "kama hajachoka kupiga kasia."

Niligeuka kumtazama mtoto. Mke wangu naye alikuwa akimtazama, kinywa cha mtoto kimefunguka, mkono wa babu umemzunguka. Akateremsha macho.

"Mwambie babu sijachoka."

"Mwambie," baba akasema, na sasa alisema polepole, "zile ndizi za maziwa anazonipikia, naujua mkono wake humo hata nikifumba macho. Mwambie ndaga."

Kasia la nyuma likasimama, kisha likaendelea.

"Mwambie babu nimesikia."

Mimi nilipiga kasia langu taratibu, nikilizamisha bila kurusha maji, ili mtoto asiamke.