Mawe Mawili Ng'ambo ya Korongo

Nasema wazi: mawe yale niliyaweka mimi, wala sijutii.

Nilikuwa nakata nyasi kwenye kiwanja cha gofu cha mgodi, upande wa Segese. Jumapili mchana sisi wafanyakazi wa chini tuliruhusiwa kucheza. Balaa lilikuwa shimo la sita. Mbele ya mahali pa kuanzia kuna korongo, na ukipoteza mipira miwili humo, unatoka uwanjani. Vijana wa mitambo waliivusha mipira bila taabu. Sisi wanawake tulilisha korongo mipira kila wiki.

Mpishi wa bwalo, mama wa makamo ambaye wiki nzima aliisubiri siku ile, siku moja alinirudishia fimbo ya kuazima. "Mwanangu, mimi basi. Nimechoka kuchekwa." Iliniuma, jamani.

Kwetu Mhunze tulitwanga mtama kinu kimoja, wakubwa kwa wadogo, na mama alimpa kila mtoto mchi wa kiasi chake. Sikuwahi kusikia mtu akisema unga wa mchi mdogo si unga. Sasa gofu ni nani hata wote tuanzie pale pale?

Kesho yake nikasawazisha kipande cha ardhi ng'ambo ya korongo, nikaokota humo mawe mawili meupe, nikayapanga. Asiyeweza kuvusha aanzie hapa. Msimamizi wa kiwanja alipoyaona alifoka: "Huu si mchezo wa watoto! Yatoe, nisiyaone tena humu!"

Hutaki kuyaona humu? Haya. Nikayatia kwenye kapu, jioni nikaelekea getini.

Ujinga wangu! Huku jiwe jeupe hudhaniwa lina dhahabu; likitoka mgodini si jiwe tena, ni kesi. Mlinzi alipofungua kapu akaita wenzake watatu.

"Mama, haya nini?"

"Ya gofu, afande."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Nilijiona sina kazi tena. Walinipeleka mpaka shimo la sita, wakatazama alama za mawe kwenye udongo, na mkubwa wao akaamuru: "Yarudishe yalipokuwa. Jiwe la mgodi halitoki, na wewe usirudie." Niliyarudisha, moyoni nacheka.

Asubuhi msimamizi akaja juu. Nikamwamkia vizuri, "Shikamoo," kisha nikamwambia, "Amri ya walinzi. Kawaulize." Hakwenda.

Jumapili nilimfuata mpishi jikoni, nikamwekea fimbo mkononi. Alisimama katikati ya mawe yangu, msimamizi akiwa pembeni amekunja mikono. "Pigo la huko halihesabiwi," msimamizi akasema.

"Hesabu yako kaa nayo," nikamjibu.

Mpishi akapiga. Mpira ukaruka kidogo, ukabingirika mpaka karibu na bendera, na kwa pigo la pili ukatumbukia. Tulipiga vigelegele. Yeye alijifuta mikono kwenye khanga, akaangaza huku na huku kama mgeni.

"Haya," akasema, "shimo la saba liko wapi?"