Shingo Iliyobeba Shafti

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, mchana kweupe, akili zangu timamu, na wala sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya mnazi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hutapata nafasi.

Mimi ni mtu wa kutotulia. Nimeishi Mtwapa, nimeziba pancha Mariakani, nimelinda nyumba za watu Malindi, na kila nifikapo hunishika hamu ya nilikotoka. Hamu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Kahindi, rafiki yangu wa sekondari, kwao bara kidogo kutoka Kilifi. Mkewe, Dama, alinipokea uani.

"Karibu, shemeji. Umekuja kututembelea au umefukuzwa tena?"

"Nimefukuzwa na njaa."

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Basi zungumza na ndugu yako. Ameoa mke wa pili huko bandani. Wa chuma."

Kahindi alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Katika banda nyuma ya nyumba alikuwa na mashine yake ya kukerezea, na kwa miaka mingi, akitoka kwenye kazi za watu, alikuwa akijenga injini ya kizamani: pistoni moja, magurudumu mawili mazito, ya aina iliyoendesha vinu vya kusaga mahindi tulipokuwa watoto. Injini ile haina plagi. Kichwa chake hupulizwa moto wa mafuta ya taa mpaka kiwe chekundu, ndipo uzungushe gurudumu kwa nguvu zako zote iwake. Nani anaihitaji siku hizi? Hakuna. Kahindi aliitaka kwa ajili ya mlio tu. Marehemu babake alikuwa mwendesha kinu, na mlio ule, ukisikika kutoka mbali, ndio uliomwambia Kahindi mdogo kwamba baba yuko kazini na jioni kutaliwa.

Kwenye simu alikuwa na kikundi cha wazee wa ng'ambo wanaojenga injini kama hiyo mabandani mwao. Walitumiana picha na kupongezana kama watu waliojaliwa watoto.

"Hawa ndio wanaonielewa," aliniambia.

Siku ya kuiwasha, mawingu yalikuwa yamefunga tangu asubuhi. Dama alikwenda sokoni. Tukapasha kichwa moto, na gurudumu nikalizungusha mimi. Ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Tuku... tuku... tuku. Nakwambia, nililia. Nilimwona mama na debe lake la mahindi kichwani. Nilimwona msagaji, kope zimejaa unga. Kahindi alikuwa amekaa chini sakafuni, mikono kichwani, anacheka kama mwehu.

Hapo ndipo nilipomwona mzee.

Alisimama mlangoni mwa banda, mrefu, mwembamba, kifua wazi, nguo kaifunga kiunoni. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Mzee gani wa kwetu asiyeitikia shikamoo? Nikamtazama vizuri. Alikuwa na jeraha lililoizunguka shingo yake yote kama pete. Halikutoka damu. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na lilinuka mafuta ya injini. Na kichwa chake, niamini, kilikuwa kikiruka. Tuku, kinaruka. Tuku, kinaruka. Sawasawa na injini.

"Nitueni," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mti unaopasuka. "Mzigo huu umenishinda."

"Mzigo gani, mzee?"

Hakunijali. Alikuwa akimtazama Kahindi, na Kahindi alikuwa ameacha kucheka.

"Kahindi, nani huyu?"

"Ni mti tu," akasema. "Mungu wangu, ni mti tu ule."

Nikamshika bega, akanieleza palepale kwa maneno ya kukatika. Shafti inayobeba yale magurudumu hukaa ndani ya bushi, zile pete nene inamozunguka, na bushi hizo hutengenezwa kwa shaba. Kahindi hakupata shaba ya kutosha. Wale wazee wa kwenye simu wakamwambia kwamba zamani watu walichonga bushi kwa mti mgumu, mkavu kabisa, wakauchemsha ndani ya mafuta. Mbao za dukani zingepasuka. Alitaka mti uliokaushwa na jua miaka na miaka. Na mtu wa kwetu akitafuta mti wa namna hiyo, anajua ulipo: kigango, ile nguzo ya kuchongwa, yenye kichwa na mabega, anayosimamishiwa marehemu wa heshima. Haing'olewi hata watu wa mji ule, boma lile la ukoo, wakihama. Lakini Kahindi alikuwa ameokoka, kwake hayo yalikuwa mambo ya gizani. Akaenda kwenye mji uliohamwa, akakikata kimoja kwa msumeno, chini tu ya kichwa.

"Zima!" nikampigia kelele.

"Ngoja. Ngoja kwanza niurekodi mlio, wausikie. Kidogo tu, ndugu yangu."

Unaona? Mbele ya kichwa kile kinachoruka, alikuwa akitafuta simu mfukoni!

Nikafunga mafuta mwenyewe. Injini ikaendelea. Nikavua shati nikalisokomeza kwenye mdomo wa hewa. Ikasita, magurudumu yakasimama, kisha yakaanza kuzunguka kinyume. Injini hizo zina tabia hiyo, najua. Lakini bila mafuta? Bila hewa?

Mzee alikuwa tayari yuko ndani. Sikumwona akipiga hatua. Akaweka mikono yake miwili juu ya mabega ya Kahindi, polepole, kama mchukuzi anayemtwika mwenziwe. Kichwa chake kikatulia. Kichwa cha Kahindi kikaanza.

Ndipo magurudumu yaliposimama, na hapakuwa na mtu mwingine bandani ila sisi wawili.

Jioni ile nilizifungua bushi. Dama akawatafuta wazee wa ukoo wenye kigango. Walitutukana kwanza, na walikuwa na haki. Kisha mbuzi akachinjwa, mnazi ukamwagwa, vile vipande vikarudishwa. Lakini kigango kilichokatwa hakiungwi. Mmoja wao alimwambia Dama, "Tumeomba radhi, mama. Kumtua mumeo hatuwezi."

Mpaka leo kidevu cha Kahindi kimelala kifuani. Hospitali wamempiga picha, hawakuona kitu. Shingoni ana pete nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Dama humlisha kwa kijiko, na wamehamia mbali na kinu chochote, maana akisikia injini kichwa huanza kuruka, na hakikomi mpaka injini izimwe. Mimi nami nimehama vyumba viwili Malindi kwa sababu ya mlio wa mashine za kusagia.

Nilipokwenda kumuaga aliniuliza, uso chini, "Lakini ulisikia ilivyolia?"

Nikamwambia nilisikia. Ningemwambia nini tena?

Basi wewe unayenisoma, ukipita mji uliohamwa ukaona kigango kimeinama, mchwa wamekila nusu, usikiguse, hata kwa nia ya kukinyoosha. Kipite. Watu wa mji walihama. Yeye hakuhama.