Plasta Iliyozuia Mlango

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili asije mtu akadai nilificha. Nikinunua mafuta ya kupikia nanusa chupa mbele ya muuzaji. Nikiambiwa fulani ametoka, nachungulia viatu vyake mlangoni. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja likiwa wazi, likimkagua mkunga. Zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Kwa miaka kumi na moja nimekaa chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno hapa Dodoma mjini, meza yangu ikitazamana na ya fundi mwenzangu, mwanamume aliyenizidi miaka michache, ambaye nilimwita kaka naye akaniita dada. Tunamwaga plasta kupata umbo la taya, tunachonga ufizi kwa nta, kisha nta inatolewa na mahali pake inaingia resini, yaani plastiki ya kumimina. Kazi ina sheria moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni: kila plasta ina jina la mgonjwa chini. Unaliandika kwa ncha ya kisu kabla haijakauka. Kwa hiyo usibebe plasta yoyote bila kuigeuza ukaisoma, usije ukampa mchungaji meno ya muuza mbuzi.

Magari yangu madogo ya kuchonga yalianza kwa sababu ya baba. Baba anaishi Msalato, na ana hadithi moja ambayo ameisimulia mpaka imepata kung'aa. Enzi za ujana wake magari ya mashindano yalikuwa yakipita barabara ya vumbi huku kwetu, na mwaka mmoja, mvua imenyesha, gari moja likazama korongoni. Baba na wenzake wakalisukuma. Liliponasuka likamrushia tope uso mzima, na msichana mmoja aliyekuwa kando ya njia akacheka mpaka akakaa chini. Msichana huyo ndiye mama. Kwa hiyo hata mimi nina deni kwa gari lile: jeupe, boneti jeusi, taa nne za ziada mbele, bomba la kukingia ng'ombe, na mlango wa dereva uliobonyea.

Nikamwahidi baba kwamba nitamtengenezea, dogo la kukaa kiganjani, lakini lile lile. Resini tuliyokuwa nayo kazini ni ya ufizi, basi gari la kwanza likatoka la waridi, na ukilitazama haraka unadhani litakuuma. Nikampa kaka kwa utani. La pili liliingia mapovu, likawa na matundu kama limepigwa risasi. La tatu nikasema halikosei. Miezi minne, kila jioni baada ya kazi, nililichonga kwa nta kutoka kwenye picha za zamani: mistari ya milango, misumari ya magurudumu, vifuta vioo kwa waya ule wa kushikia meno. Ule mlango uliobonyea peke yake ulinilia wiki mbili, maana kubonyea nako kuna ufundi wake. Kaka alikuwa akiniazima miwani yake ya kukuzia na kuniambia taa ya pili imeinama. Kweli ilikuwa imeinama.

Gari la nta likishakamilika unalitengenezea kalibu ya kumiminia resini. Unamwaga silikoni upande wa kwanza, inaganda kama mpira, kisha unamwaga upande wa pili, halafu nje unazungushia plasta ili isijipinde. Ijumaa moja nilikuwa nimemaliza upande wa kwanza. Gari lilikuwa limelala ndani ya kiboksi cha mbao, nusu limezama kwenye silikoni, nusu liko nje likisubiri. Silikoni haipendi kungojeshwa namna hiyo. Vumbi letu likitua juu yake, kazi imekwisha. Ndipo simu ikaja kwamba mama amefariki. Nikatoka mbio na koti la kazini. Kaka alibaki amesimama katikati ya chumba.

Msibani nilikaa siku kumi. Kaka hakuja kuzika. Likizo yake ilianza Jumatatu, akasafiri kwao, hilo nililijua, lakini niliona nafasi yake tupu na nikaiweka akiba moyoni.

Niliporudi, meza yangu ilikuwa nyeupe. Gari hakuna. Kiboksi cha mbao kimefutwa, kimerudishwa rafuni mahali pake. Nikamwita mama wa usafi. Akaniambia wakaguzi walikuja, daktari akaamuru vitu vyote vya mezani vishushwe chini, yeye akashusha, na habari za magari hazijui. Nikachungulia chini ya meza: ndoo, mataya, mapande ya plasta. Nikaenda kwa daktari mwenye kliniki, naye, bila kuinua macho kwenye simu yake, akasema alimwona mwenzangu akitoka Jumamosi na boksi limefungwa gazeti.

Basi, ikatosha. Ukiacha ule wa daktari, funguo za chumba kile zilikuwa mbili tu, wangu na wake. Na mwizi gani anafuta kiboksi na kukirudisha rafuni, kama si mwizi anayejua rafu? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nilijiambia kwa raha fulani, Mungu anisamehe, maana mtu wa kushuku akipata wa kumshuku anapumzika.

Mchana ule ule ukaanza upepo ule wetu wa kiangazi, mlango wa nyuma ukawa unabamizwa mpaka meno yanaruka mezani. Nikainama, nikavuta pande moja la plasta kutoka chini ya meza, kubwa kama mkate, nikalisukumia mlangoni kwa mguu. Mlango ukatulia. Nikarudi kukaa na hasira zangu.

Kaka alirudi kutoka likizo akanipa pole, na alipokuwa akinipa alitazama chini. Nikaona: macho ya mwizi hayo. Nikamjibu "asante" kali ya kukatia kamba. Mtu mwenye akili zake angeuliza: kaka, gari langu liko wapi? Maneno matano. Sikuyasema siku hiyo wala siku iliyofuata. Kwetu ukimuuliza mtu waziwazi umeshamwita mwizi, na mimi sikutaka kumwita, nilitaka ajitaje. Nikaanza vijembe. Nilikuwa namwambia mama wa usafi, kwa sauti ya kufika meza ya pili, kwamba siku hizi hata wafiwa hawaonewi huruma. Yeye anaendelea kuchonga jino. Akinisalimu naitikia kwa kikohozi. Akinisogezea miwani ya kukuzia nasema macho yangu bado mazima. Baada ya mwezi akaacha kuisogeza.

Baba naye akawa anapiga simu. Nyumba imekuwa kubwa, alisema, na kila mara mwishoni akauliza gari lake limefikia wapi. Nilimjibu linakauka. Kila nikikata simu nilimchukia yule mtu wa meza ya mbele zaidi.

Jumapili moja nikaenda kwake Chang'ombe, ya hapa hapa Dodoma. Nilisema napita tu. Kaka hakuwepo, na nilijua hayupo, ndiyo maana nilikwenda. Mkewe alinipokea kama ndugu aliyetoka mbali. Akanikalisha kwenye kochi zuri, akakaanga mayai, akamimina chai, akasema nimefanya vyema kuja, na mimi macho yangu yanatembea: juu ya kabati, nyuma ya pazia, chini ya meza. Alipoingia jikoni niliinua kitambaa cha redio. Jamani, mwanamke mzima. Nilichokiona ni lile gari langu la waridi, liko juu ya televisheni, limewekewa kitambaa chake cha kufuma. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nikasema moyoni, ona alivyokuwa akilitamani tangu zamani. Wakati wa kuondoka yule mama akanifungia karanga, mfuko mzima, akanisindikiza hadi njia kubwa. Nilizitafuna zile karanga njia nzima nikimtukana mumewe.

Wiki ile nikaenda kwa daktari. Sikusema wizi. Nilisema tu kwamba vitu vinapotea, na kwamba funguo mbili ni nyingi. Daktari hapendi kelele. Asubuhi iliyofuata akamwita kaka mbele yetu wote, akamwomba ufunguo. Kaka akauliza amekosa nini, akaambiwa ni utaratibu mpya. Akauchomoa kwenye pete yake ya funguo taratibu, kucha ikimsumbua, akauweka mezani. Kisha akanitazama. Sikuinamisha macho, nilijiona shujaa. Mwisho wa mwezi akaaga, akaenda kufungua chumba chake Kizota.

Meza ya mbele ikakaa tupu. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa natengeneza meno, nakula peke yangu, hakuna wa kuniambia taa ya pili imeinama. Nikajaribu kuchonga gari jingine, mikono ikakataa. Mlango nao kila ukivuma upepo uko wazi, umezuiwa vizuri na ile plasta, na kila nikipita nikiwa na hasira naipiga teke.

Ilikuwa mwezi wa saba tangu msiba, mvua zimeanza, matope yanaingia mpaka ndani. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki. Akainua ile plasta akaisimamisha ukutani ili apitishe tambara. Nilikuwa nakunywa chai. Akasema, "Hii nayo ni ya mgonjwa gani? Ina maandishi."

Niliusogelea ukuta. Mwandiko nilikuwa naujua kama wangu, zile herufi zake kubwa zilizolala kidogo. Alikuwa ameandika kwa kisu, plasta ikiwa mbichi, chini kabisa, mahali ambapo kila fundi anaandika:

DADA, POLE SANA KWA MSIBA. UPANDE WA PILI NIMEKUMALIZIA. FUNGUA UKIRUDI.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya deki. Mama wa usafi akadhani nimepata msiba mwingine, akaanza kunipa pole. Niliipasua plasta kandokando kwa nyundo ndogo, nikaacha upande wenye maandishi. Silikoni ikafunguka. Gari lilikuwa ndani, zima, vifuta vioo viko mahali pake, mlango umebonyea pale pale. Hata povu moja sikuliona. Ijumaa ile, nilipotoka mbio, alikuwa amebaki akaniokolea kazi kabla vumbi halijatua, akasubiri ikaganda, akaifunga kwa plasta, akafuta kiboksi changu, akakirudisha. Boksi la gazeti hadi leo sijui lilikuwa na nini, na wala si kazi yangu kujua.

Ningeweza kunyamaza. Hilo wazo lilinijia, siwezi kudanganya: nimimine gari, nimpelekee baba, plasta niitupe, nani angejua? Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi niliifunga kwenye kanga nikaenda Kizota.

Chumba chake kiko katikati ya mafundi wa kuchomelea mageti, cheche na makelele pande zote. Alikuwa amevaa ile miwani ya kukuzia, anasaga jino. Nikamsalimu, akaitikia, akanionyesha stuli kwa kidevu. Sikukaa. Nikafungua kanga, nikaweka plasta mezani kwake, maandishi juu.

Akavua miwani. Alisoma maneno yake mwenyewe, akayapitisha kidole.

"Mimi nilidhani ulishaisoma," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwenzangu alikuwa na msiba wake. Miezi yote ile alikuwa na mwanamke mbele yake ambaye yeye alikuwa amemfariji kwa kifo cha mama na kumwokolea kazi, na yule mwanamke akamjibu kwa vikohozi na kumnyang'anya ufunguo. Aliona aibu kuuliza kwa nini, maana anayeuliza hivyo anaonekana anadai shukrani. Na siku ya kunipa pole alitazama chini kwa sababu hakuwa amekuja kuzika.

Nikamwambia yote, bila fumbo hata moja. Nilimwambia, "Kaka, nilidhani umeiba. Nilikwenda kwa daktari kwa ajili hiyo. Nisamehe."

Nje mtu alikuwa akigonga chuma, akanyamaza, akaanza tena.

"Na ile Jumapili uliyokuja nyumbani," akasema, "ulikuwa unatafuta gari?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Mke wangu alifurahi sana. Nilikuwa nimemsimulia habari ya gari. Aliniambia, dada yako amekuja kutushukuru."

Niliikumbuka chai, mayai, karanga, nikatamani ardhi ya Kizota ifunguke. Yeye aliifunga plasta kwenye kanga, fundo zuri, akanisogezea. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Nenda kamimine," akasema. "Mzee anangoja." Kisha akavaa miwani yake, akawasha mashine.