Mota Iliyomrudisha Baba Nyuma

Wifi yangu ni fundi wa baiskeli, na wateja wanamwita Spana. Jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Ukimwita kwa lile la nyumbani hageuki. Tumepanga chumba kimoja cha biashara sisi wawili. Dirishani ni cherehani yangu, mlangoni ni baiskeli zake, zimening'inizwa darini kama mbuzi buchani. Mimi nalalamikia grisi kwenye vitambaa vyangu, yeye analalamikia nyuzi zangu kwenye minyororo yake, na siku zinakwenda.

Jambo moja nitamsifia hata nikiwa nimenuna: baiskeli ya mteja haitoki pale mpaka Spana ameipanda mwenyewe. Hasa hizi za mlimani zenye mota. Anavuka kituo cha mafuta, anakwenda hadi barabara mpya, ile ndefu iliyonyooka, kwa sababu mtaani kwetu kila hatua kuna tuta, mkokoteni au mtu anayesalimiana na mwenzake katikati ya njia. Huwezi kukimbia hapa. Anarudi anahema, ndipo anatoa kauli. Hiyo ni kwa wateja. Kwa watu wa nyumbani ni habari nyingine, na mimi sina mdomo wa kumsema, maana shati la mume wangu linangoja vifungo tangu mtoto wetu hajaanza shule.

Baba mkwe wangu alikuwa askari wa misitu hadi alipostaafu. Maisha yake yote alizunguka vilimani kwa baiskeli, na miguu ndiyo ilikuwa majivuno yake. Watoto walipomchangia baiskeli ya mlimani yenye mota alinuna, akasema wanamzika mapema. Alipoipanda mara moja tu, hatukumwona tena nyumbani siku za Jumamosi. Alikuwa akitoka na mwenzake wa kazini, mzee tunayemwita Kipenga kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila filimbi shingoni. Kipenga alikuwa na baiskeli ya kawaida, isiyo na mota wala kishindo.

Asubuhi moja Baba aliingia kazini kwetu akiisukuma ile yake.

"Mwanangu, hii mashine ina kitu," alimwambia Spana. "Kwenye kilima haina neno, inanibeba. Lakini tukifika tambarare nikakanyaga, mwendo ukizidi, mota inaacha kusaidia. Sawa, najua ndivyo ilivyotengenezwa. Ila haiishii kuacha tu. Inanivuta. Kipenga ananitoka hivi hivi namwona."

Wateja walikuwa wamejaa hadi nje. Spana aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono, akawasha mota, ikanguruma vizuri. Akafuta mikono.

"Baba, ni nzima kabisa. Hiyo siyo mota, hiyo ni miaka."

Watu wakaangua kicheko. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, tena nikatia chumvi: "Baba, lete suruali nikushonee mota ndani!" Yeye mwenyewe alicheka.

"Lakini umeijaribu?" akauliza.

"Nimeijaribu, Baba," alijibu Spana, na tayari alikuwa ameshika baiskeli ya mtu mwingine.

Baba alitikisa kichwa kukubali, akaondoka taratibu. Hakuuliza tena.

Kwanza aliacha tambarare, kisha akaacha kilima, mwisho akaacha Jumamosi yenyewe. Baiskeli iliwekwa stoo, nami nikaanza kuanikia taulo juu yake siku za mvua. Akaanza kushika ukuta akipanda ngazi. Akawa ananiomba nimsindikize kwa kinyozi, ng'ambo tu ya barabara, na mimi namshika mkono nikijiona mkwe mwema. Wakati Kipenga anahamia kwa binti yake mji mwingine, walipanga kupanda pamoja hadi lango la msitu walikofanya kazi, wakaagane huko. Baba hakwenda. Alituambia Kipenga ameahirisha.

Basi hivi karibuni akaja mwalimu mmoja, mama mwenye baiskeli kama ile ya Baba. Naye akalalamika kwamba akipita ule mwendo ambao mota huacha kusaidia, anahisi anaburuta kitu. Spana akaipanda, akavuka kituo cha mafuta kama kawaida yake. Alirudi jasho linamtiririka.

"Wifi, hii inavuta kweli," aliniambia. "Mtu akipanda hii kwa kasi anaweza kulia."

Aliifungua mota mezani. Ndani yake, alinionyesha, kuna sehemu ambayo mota ikishaacha kusaidia inapaswa kuziachia pedeli ziende zenyewe. Ikilika inang'ang'ania, na mpandaji anakuwa anazungusha baiskeli na mota pia kwa miguu yake miwili. Nilimwelewa mara moja. Ni kama kushona kwa cherehani ya miguu ambayo gurudumu lake limekaza: unakanyaga mpaka magoti yanauma na mshono hauendi.

Akaketi juu ya tairi, kitambaa cha grisi mkononi.

"Baba alisemaje siku ile?"

"Alisema inamvuta."

Hakuuliza yeye alijibu nini. Alifunga kazi mchana kweupe, akaenda nyumbani, akatupa taulo zangu chini, akaipeleka ile baiskeli barabara mpya. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Ugonjwa ni ule ule.

Mimi nilimpa ushauri wa kijanja. "Itengeneze kimyakimya, umwambie ajaribu tena. Atajiona amepona, na hakuna atakayejua."

"Atajiona amepona ugonjwa niliompa mimi, wifi," alisema. "Yule mwalimu simjui hata jina, nimempandia mpaka mwisho wa lami. Baba yangu nilimzungushia pedeli kwa mkono."

Roho ilikuwa inanisuta mimi pia, kwa kile kicheko na kwa zile safari za kwa kinyozi. Siku zote alizokuwa akingojea kipuri, Spana alikuwa akifika nyumbani anakula tonge mbili tatu anasukuma sahani. Baba alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana.

Kipuri kilipofika alikifunga, akaijaribu barabarani, kisha akaiingiza baiskeli mpaka sebuleni, mbele ya kiti cha Baba. Akapiga magoti.

"Baba, ilikuwa mbovu. Ulisema kweli. Siku ile nilikwambia nimeijaribu, na sikuwa nimeijaribu. Sikuipanda kabisa. Haikuwa miguu yako."

Nilitamani Baba amgombeze, nipate kupumua.

"Ulikuwa na kazi nyingi, mama," alisema. "Nilikuona. Watu walikuwa wamejaa."

"Baba, usinitetee."

"Mimi nilikuamini tu. Nilijisemea, huyu ndiye anayejua." Akashika mpini wa baiskeli, akauachia. "Kipenga hakuahirisha ile safari. Nilimwambia nina mafua. Niliona haya kumwambia nimezeeka. Alipanda peke yake, akanipigia kutoka langoni, akapuliza filimbi kwenye simu."

Spana alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na mimi sikujua niingie jikoni au nibaki.

"Nitampigia nimweleze," akasema hatimaye.

"Umweleze nini?" Baba alishtuka, na sauti yake ikapanda kuliko nilivyoisikia kwa miezi mingi. "Yule mtu nimemsifia kazi yako tangu uanze kushika spana. Amewaletea jamaa zake wote kwako. Mwache aamini nilikuwa na mafua. Mwache hata aamini nimezeeka. Hilo halinipunguzii kitu."

Hapo ndipo mimi nililia. Mzee huyu alikuwa tayari kuwa kikongwe mbele ya rafiki yake, ili binti yake asionekane fundi mzembe.

Spana alichukua simu ya Baba iliyokuwa juu ya meza, akatafuta namba ya Kipenga, akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. Iliita mara nyingi.

"Shikamoo, Baba Mdogo," alisema, machozi hayajakauka. "Ni mimi, fundi. Baba hakuwa na mafua siku ile, na miguu yake haina kitu. Alinieleza baiskeli inamvuta, nikamdanganya kwamba nimeijaribu."

Baba mkwe aligeuza uso akatazama ukutani, lakini hakumnyang'anya simu.