Harusi ya Mpishi wa Bia na Tangi Namba Tatu

Miaka tisa nilikuwa mpiga picha wa harusi tu, kisha asubuhi moja nikaitwa kiwandani. Kiwanda chenyewe ni kidogo, cha bia, mtaa wa pili kutoka kwetu, na walitaka picha za matangazo: za mabango, za mitandaoni, za ubavuni mwa lori. Mimi huyo! Niliondoka nyumbani nikicheka peke yangu njiani, watu wakinipisha.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na kamba mguuni. Harusi zilikuwa zimeadimika, na dada yangu mkubwa alikuwa amenibana mbele ya mumewe mpaka nikaahidi: kazi hii ikinishinda, Jumatatu saa mbili niripoti ofisini kwa shemeji, nikae mapokezi, kamera niifungie kabatini. Niliahidi kwa sauti nzuri kabisa.

Mwenye kiwanda, mama mnene mwenye sauti ndogo ambaye wote humwita Bosi, alinieleza anachotaka. Glasi moja, povu refu jeupe, matone ya baridi ubavuni. Akanikabidhi kwa mpishi wa bia, mzee mrefu mkimya aliyevaa buti za mpira, akapanda ofisini kwake na kusema atashuka saa tisa.

Jamani, povu lile lilinitoa jasho. Mzee anamimina, mimi nasogeza glasi kidogo ishike mwanga, nikirudi kwenye kamera povu limeshalala. Glasi kumi na moja zilikwenda hivyo. Ndipo nikakumbuka ujanja wa wapiga picha wa vyakula: chembe ya chumvi huamsha povu. Mzee alipogeuka kuchukua kitambaa nikatia, ila kwa ile furaha yangu nikamwaga kiganja kizima. Povu likapanda, likavuka ukingo, likatambaa mezani. Mzee kugeuka, anaona bia yake inapotea bure, akaiwahi kwa mdomo. Alimeza kwa adabu, akaitazama glasi.

"Mwanangu," akasema, "hii sikuipika mimi."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Naye, yule mkimya, akaanza kutikisika mabega.

Basi nikaachana na glasi, liwalo na liwe, nikamwambia nitampiga picha yeye akiwa kazini. Mazoea ya harusi yana taabu. Alipokwenda kwenye tangi namba tatu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: sogea karibu naye, usimwogope, mwekee mkono begani, sasa mtazame kama ndiyo kwanza mmeonana. Mzee akatii. Alisema amelitunza tangi hilo miaka kumi na tisa na halijamnunia hata siku moja. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwagiza: akalaza sikio kwenye chuma, akafumba macho, kusikiliza kama hamira inafanya kazi ndani. Akatabasamu. Nikabonyeza.

Baada ya hapo nilikuwa kama mwenda wazimu. Niliwaita wafanyakazi wote, nikawapanga upande wa bwana na upande wa bibi. Wa kimea walisimama na mzee, wa chupa walisimama na tangi, na dereva wa lori akajitangaza msimamizi. Wallahi sikuwa nimeonja hata tone.

Saa tisa Bosi akashuka, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sina hata glasi moja yenye povu. Nilimpa kamera nikaanza kuiona meza ya mapokezi ya shemeji, na kalamu yake iliyofungwa kwa kamba. Bosi alipitisha picha moja moja. Alipofika kwa mzee na sikio lake, akasimama hapo.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Sikujua anacheka." Kisha akanirudishia kamera. "Hii ndiyo ya lori. Glasi utarudi kuipiga mwezi ujao, na kila mwezi, mpaka hilo povu likuzoee."

Nilitoka nje mbio nikampigia dada. Nilimwaga habari yote bila kuvuta pumzi, nikamsihi aniombee radhi kwa shemeji kwa kile kiti alichoniwekea.

"Kile kiti kimeshapewa mtu tangu Jumanne," akasema dada. "Mimi ndiye niliyemwambia shemeji yako ampe."

Nikamuuliza kwa nini basi alinifunga kwa ahadi.

"Ili uende ukapige kama mtu ambaye akikosa, kamera inafungiwa kabatini."

"Na ningekosa?"

"Ungekosa, ungekula kwangu. Tangu lini umekula kwingine?"

Nikamwita mchawi, nikamwambia nampenda, yote kwa pumzi moja.