Mlio wa Nyuma wa Pikapu ya Baba

Sisi tuliokulia Dodoma kabla lami haijafika kila mtaa, gari tulilijua kwa masikio. Pikapu ya baba ilitupita sote umri, na kila mlio wake tuliuzoea kama kikohozi cha babu.

Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, ikaanza kuunguruma nyuma. Baba akaguna: "Hii ni difu, gia za ekseli ya nyuma, imekufa. Mlali hatuendi." Jamani! Kwenda kwa bibi Mlali ndiyo ilikuwa Krismasi yenyewe: ugali wa uwele, mlenda, na karanga alizokaanga kwenye mchanga wa moto. Dada yangu Neema alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Mama, aliyekuwa akifundisha kwaya kanisani, akasema, "Baba Neema, hebu tuzunguke nayo kwanza." Akatupandisha sisi watoto nyuma, naye akapanda, akatulaza kifudifudi, kila mtu kona yake kama anavyopanga sauti za kwaya, sikio kwenye bati lililochomwa na jua. "Atakayecheka, anashuka!" Baba akakanyaga mafuta, mlio ukaunguruma. Akaachia, ukaendelea vilevile. Akakata kona ya kushoto, ukapanda. Ya kulia, ukashuka. Mimi niliyelala upande wa kulia, meno yalikuwa yanacheza mdomoni.

Mama akagonga kioo. "Difu ingebadili sauti ukiachia mafuta. Hii inabadilika kwenye kona tu. Ukikata kushoto, uzito unalalia kulia, ndipo inapolia zaidi. Ni beringi ya tairi la kulia."

Baba alibisha, maana ndivyo akina baba walivyokuwa. Alipopiga jeki na kulizungusha lile tairi kwa mkono, likakwaruza kama linasaga kokoto. Alicheka mpaka akakaa chini. Beringi ilipatikana mjini, na Krismasi tukaila Mlali, vumbi mpaka kwenye kope.

Siku hizi mwanangu, anayefanya kazi kwenye ofisi za Serikali kule Mtumba, hunirudisha nyumbani Area D baada ya ibada ya Jumapili. Juzi nikamwambia gari lake linalia nyuma.

"Mzee, mbona hakuna taa iliyowaka?" akanijibu, akaongeza muziki.

Vijana hawa! Tairi likichomoka watasubiri taa iwake. Nikageuka niwaambie wajukuu waliokaa kiti cha nyuma watege sikio, nikakuta kila mmoja ameziba masikio yake kwa spika ndogo za masikioni. Nilicheka, lakini roho iliniuma. Gari limejaa watu wa damu yangu, na kila mtu anasikiliza chake.