Chupa ya Onesphory

"Baba Tadei, ndani ya ile chupa mna nini?" Fransiska alimwuliza mumewe tena. Agatha, mama mkwe wake, akajibu badala ya mgonjwa, kwamba mwanawe amechomwa na mwiba, ameshasema mwiba, na mwanamke aliyetolewa ng'ombe wazima anakubali mwiba.

Hapo ni wodini, Mbulu. Mimi, shangazi yake Onesphory, nimekaa miguuni pake nakula ndizi alizoletewa, maana yeye hatafuni. Fizi zinatoka damu.

Huyu ndiye daktari wa ng'ombe wetu kule Mogitu. Shule yake ilikuwa kushika pembe wenzake wakichoma sindano. Lakini ule mkono! Siku moja aliirusha sindano kutoka nje ya zizi, ikampata dume wa Yoakimu pale pale panapotakiwa, na dume akasema asante. Nilikuwepo. Dawa ikibaki haimwagi. Ya minyoo, ya ndigana, ya kiwele kilichovimba, na nyingine anazozijua yeye tu, zote anazimiminia kwenye chupa moja ya kahawia.

Basi wakati wa mavuno mgongo ukamshika. Akaona kinachomsimamisha dume hakiwezi kushindwa na mtu mwembamba kama yeye. Akachukua bomba lilelile la ng'ombe, akavuta kutoka kwenye ile chupa, akajidunga pajani. Paja likavimba kama gogo. Homa ikawaka, ungeweza kumchomea mahindi tumboni. Kisha madoa mekundu mwili mzima, kama kuku aliyenyonyolewa na mlevi.

Daktari wa hapa wodini alishatueleza. Kitu kigeni kikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu hukimbilia kupigana nacho. Za Onesphory zimefurika. Na chembe sahani, zile zinazoziba damu isivuje, zimekwisha kwenye vurugu hiyo. Akataka kujua upesi alidungwa na nini, asije akampa dawa ya kummalizia. Mgonjwa akasema, mwiba.

"Mimi nilikuona ukijidunga," Fransiska alimwambia. "Ila ulichochanganya unakijua wewe tu."

Agatha akamwambia afunge mdomo.

"Akisema, nani atamwita tena achome ng'ombe? Mnadani watamwita ndama. Afadhali nimzike akiwa daktari."

"Basi kaburi utachimba wewe, mama."

Nilicheka, ndizi ikanipalia. Onesphory naye akacheka, damu ikamtiririka mpaka kidevuni, na safari hii haikukata. Aliifuta kwa kiganja, akakitazama kile kiganja. Hapo nikajua ameogopa. Akamshika mkewe mkono.

"Kamwite daktari," alisema. "Mle nilichanganya..."

Mlango ukafunguka. Akaingia Yoakimu na kibuyu cha maziwa, nusu ya Mogitu nyuma yake, wakisema wamekuja kumpa pole daktari wao. Onesphory akavuta blanketi mpaka puani.